Zamu ya Mtaa wa Chini

Tarehe 3, mwezi wa nane

Meneja mpya anataka fundi wa vali aandike kila kitu. Sawa. Nimechukua madaftari mawili. La kwanza ni la ofisi, kurasa zake zina namba na nafasi ya saini. Hili la pili ni langu, na humu simwamkii mtu.

Kiangazi kimeanza na hasira zangu zimeanza nacho. Mwaka wa ishirini na mbili huu nabeba ufunguo wa vali, chuma kirefu chenye mkono wa kushikia juu, na bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Maji ya tangi hayatoshi mitaa miwili kwa pamoja. Siku tatu nafungulia Mtaa wa Juu, siku tatu Mtaa wa Chini, siku ya saba nafunga kote ili tangi lijae. Mizunguko kumi na sita kufungua, kumi na sita kufunga. Hakuna kingine cha kujifunza.

Wa juu wengi ni wa dini yetu, wa chini wengi ni wa ile nyingine. Ratiba ilipangwa na mhandisi aliyekwisha kustaafu, ambaye aliangalia mabomba tu, hakuuliza nani anaabudu siku gani. Ikatokea kwamba siku yetu ya ibada inaangukia zamu ya chini, na siku yao inaangukia zamu ya juu. Kila upande siku yake kubwa unatumia maji ya kwenye mapipa. Wote wananilaumu sawasawa, nami siwapendi sawasawa.

Tarehe 5

Siku yetu ya ibada. Meneja alikaa safu ya mbele, shati limenyooka kama la bwana harusi. Kiongozi wetu wa ibada akamsimamisha na kumwita "kijana wetu serikalini". Mke wangu alipiga makofi mpaka nikamshika mkono.

Tarehe 6

Kabla ya kazi meneja ametukusanya mbele ya ubao wa ratiba tusali. Sala ya kwetu. Karani wa ratiba, ambaye ni wa dini ya chini, alitoka akasimama koridoni na mafaili yake. Tulipomaliza meneja akasema, "Kuna wenzetu wanachelewa kuanza kazi." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Karani huyu simpendi tangu zamani. Anajua kila kitu, na kama hakijui anakitafuta mpaka akijue, halafu anakuja kukwambia.

Tarehe 9

Vumbi. Bega linauma.

Tarehe 11

Meneja ameniita, akanivutia kiti mwenyewe. Hapo hapo nikajua kuna jambo.

"Mzee wangu, kesho ibada. Watu mia tano, na nyumba ya Mungu haina tone. Hebu geuza, chini wapumzike siku moja."

"Na ratiba?"

"Ratiba si karatasi tu, mzee?"

"Watasema unapendelea."

"Sipendelei mtu. Natanguliza tu." Akatabasamu. "Daftarini andika matengenezo."

Tarehe 12

Nimegeuza. Ibadani koki zilitiririka, watoto wakachezea maji, na kiongozi akaomba dua kwa ajili ya "mikono iliyofanya kazi alfajiri". Mke wangu alinigusa kiwiko. Nilijisikia vizuri sana.

Kwenye daftari la ofisi nimeandika: Matengenezo. Mpira wa vali ya chini, inchi sita, umebadilishwa. Hakuna aliyeniomba nitaje mpira. Lakini fundi anayeandika "matengenezo" bila kusema katengeneza nini ni fundi wa barabarani, na mimi sijafika huko.

Tarehe 19

Tena. Mpira tena.

Tarehe 24

Mwanamke wa chini amenisimamisha nikiwa juu ya kifuniko cha vali. "Fundi, hii vali inaharibika kwa kalenda?" Nikamwambia aniachie nifanye kazi. Alisimama pale pale, ndoo mbili mkononi, ananitazama mpaka nikakosea hesabu ya mizunguko.

Tarehe 25

Sasa na siku ya kuamkia ibada ni yetu pia. Inaitwa maandalizi. Chini wamebakiwa na siku moja katika saba.

Tarehe 26

Mpira.

Tarehe 4, mwezi wa tisa

Karani amenifuata hadi uani nilikokuwa napaka grisi. Alikuwa na karatasi.

"Kaka, naomba kuuliza. Ndani ya wiki nne umebadilisha mpira wa vali mara sita."

"Ndiyo."

"Stoo umetoka mmoja. Na huo ulitoka mwaka jana."

Nikaendelea kupaka grisi mahali palipokuwa na grisi tayari.

"Wangegeuza siku halafu wakaturudishia siku, ningenyamaza," akasema. "Hawajarudisha hata moja. Bomba ni la serikali, kaka. Kodi tunalipa wote, na huko kwenye kodi sijaona mtu akitanguliza upande wake."

"Mwambie meneja."

"Nimemwambia. Kasema mimi ni mchochezi. Wewe je, unasemaje?"

Nikamwambia mimi nashika ufunguo tu. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akakunja karatasi yake na kwenda zake. Niliudhika jioni nzima. Kinachoniudhi si alichokisema, ni kwamba alikisema kwa adabu.

Tarehe 8

Joto. Mpira.

Tarehe 10

Binti yangu amekuja. Ni mkunga kwenye zahanati ya Mtaa wa Chini, serikali ilimpeleka huko na hakulalamika. Baada ya shikamoo aliketi jikoni, akanywa maji bilauri tatu bila kupumzika.

"Baba, vali yetu itapona lini? Tunachota kwenye kisima cha jirani, na jirani naye anaanza kununa."

"Ni mpira," nikasema. "Mpira wenyewe hauji kutoka makao makuu."

"Wamekuonea kweli," akasema, akanihurumia. Mwanangu akanihurumia mimi. Mama yake, ambaye anajua kila kitu, alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

Tarehe 14

Kiongozi wetu anajenga ukumbi pembeni ya nyumba ya ibada, na zege linataka maji. Meneja amechukua siku moja iliyokuwa imebaki ya chini. Nilisema, "Bosi, kule kuna zahanati." Akasema gari la maji litapelekwa. Nikamuuliza lini. Akasema, "Mzee, unaanza kusikika kama karani."

Tarehe 16

Nina mengi leo.

Asubuhi nilifungulia juu kama nilivyoamriwa, nikaandika mpira wa kumi na moja, nikaenda ibadani. Kiongozi alikuwa anahubiri juu ya jirani mwema. Sitanii. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaiacha. Ikatetemeka tena. Nikatoka nje.

"Baba." Hakuamkia. "Nina wazazi wanne. Mmoja kajifungua sasa hivi anatoka damu nyingi, na sina maji ya kunawa mikono. Kisima jirani amekifunga. Gari halijaja, na leo ni siku ya tisa bila maji. Sina mwingine wa kumpigia, Baba. Huo mpira hauwezi kufungwa hata na kamba?"

Nyuma ya sauti yake niliwasikia wanawake.

Sikurudi ndani kuaga. Ufunguo ulikuwa nyumbani, nikakimbia na viatu vya ibada. Nilifunga ya juu mizunguko kumi na sita na kufungua ya chini kumi na sita, na sijawahi kufanya kazi hiyo upesi hivyo hata nilipokuwa kijana. Bomba lilikoroma, likatema hewa, halafu nikasikia maji yanashuka.

Nikashuka nayo kwa miguu. Nilipofika zahanati koki ya uani ilikuwa inatoa maji ya rangi ya kutu, na watu wanayakinga hivyo hivyo. Mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa umefungwa. Nilikaa kwenye benchi la nje, kati ya mume wa mtu na mama mkwe wa mtu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, na nilishukuru kwa hilo.

Binti yangu alitoka baada ya muda mrefu. Mama amepona. Mtoto naye mzima. Alikuwa amenawa mpaka kwenye viwiko na maji yalikuwa yanamtiririka bado.

"Umepata mpira?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Hakukuwa na mpira," nikasema. "Vali haijawahi kuharibika. Tulikuwa tunafunga."

"Mnafunga kwa nini?"

"Kwa ajili ya ibada. Na juzi kwa ajili ya zege la ukumbi."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alijifuta mikono taratibu kwenye gauni lake la kazi, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuonea huruma, Baba," akasema. "Nikawaambia wauguzi wenzangu, baba yangu anahangaika, anatafuta mpira." Halafu akarudi ndani kwa wale watatu waliobaki.

Nimepanda mlima peke yangu. Juu watu walikuwa wametoka ibadani na sabuni kwenye mikono, koki zimekauka.

Tarehe 17

Meneja amechukua ufunguo. Kaniita msaliti, neno ambalo sikujua kuwa lipo kwenye kanuni za utumishi. Kiongozi alikuja nyumbani, hakukaa.

"Umekata maji katikati ya ibada. Unajua umemkosea nani?"

"Nimekukosea wewe."

"Umemkosea Mungu."

"Basi mwache aniite mwenyewe ofisini kwake," nikasema. Mke wangu alishika kichwa. Tangu alipoondoka mgeni hajanisemesha, ila anaweka sahani mezani kwa kishindo ili nijue chakula kipo.

Tarehe 18

Hajanisemesha.

Tarehe 21

Wa chini walikuwa wamekwenda na madumu yao matupu mpaka ofisi ya wilaya, wakayapanga mlangoni. Leo amekuja mkaguzi kutoka makao makuu, mtu mwembamba anayependa kalamu nyekundu. Meneja akafungua daftari la ofisi na kusema, kwa huzuni nzuri kabisa, kwamba yeye alimwamini fundi wake. Fundi kaandika matengenezo mara kumi na moja. Angejuaje?

Nilijiona nimeshikwa. Saini zote ni zangu, tena mwandiko wenyewe mzuri.

Karani akasimama bila kuitwa. Alikuwa ameandika kila siku iliyogeuzwa, saa iliyogeuzwa, na maneno ya meneja siku alipomwita mchochezi. Alikuwa na hati ya stoo ya ule mpira mmoja. Aliongea dakika kumi na hakuongeza chumvi hata punje. Mkaguzi alipomuuliza kama fundi naye ana makosa, akasema, "Anayo. Aliandika uongo mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akafungua."

Mkaguzi akayaandika kwa kalamu nyekundu.

Tarehe 24

Meneja kahamishwa. Barua yake inasema "kwa mahitaji ya kazi". Ibada haikutajwa mahali popote. Mimi nimepewa onyo na ufunguo wangu. Ratiba imerudi ile ya mhandisi.

Karani amenipa chai koridoni, pale pale alipokuwa anasimama wakati wa sala. Nikamwomba radhi kwa kile kicheko. Akasema hakukisikia. Alikisikia. Nimemjua vibaya huyu mwanamke miaka kumi na tano, na hasara ni yangu.

Tarehe 26

Binti yangu amepokea simu. Tumeongea habari za joto.

Tarehe 30

Ibadani nimekaa peke yangu. Benchi zima limenikimbia kama nina upele.

Tarehe 1, mwezi wa kumi

Meneja mpya amefika. Ni mpole, anasikiliza, na ni wa dini ya chini. Alinishika mkono kwa mikono miwili mbele ya wote na kuniita shujaa. Sikupenda.

Kisha akawakusanya watu mbele ya ubao wa ratiba wasali. Sala ya kwao. Nilitoka nikasimama koridoni. Nilimtazama karani kupitia mlangoni. Alikuwa ndani, amefumba macho.

Tarehe 5

Wingu moja, likapita. Sala asubuhi, mimi koridoni.

Tarehe 9

Nimeitwa. Kiti nimevutiwa. Kama mameneja wangekuwa wanasomea shule moja wasingefanana zaidi.

"Mzee wetu, kesho ni siku yetu ya ibada. Watu wameumia kiangazi chote, unajua mwenyewe kuliko mtu yeyote. Wageuzie kesho. Juu hawatakufa kwa siku moja."

"Siku hiyo itarudishwa?"

"Tutaona."

Karani alikuwa amekaa pembeni na faili. Nikamgeukia, maana nilijua atasema. Akanitazama usoni.

"Mwezi na nusu tumekula vumbi, kaka," akasema. "Hakuna wa juu aliyetuonea haya. Sasa na sisi tupumue kidogo."

"Dada, wewe ndiye uliyeniambia bomba ni la serikali."

"Na bado ni la serikali."

"Ulisema huko kwenye kodi..."

"Nakumbuka nilichosema!" Sauti yake ilipasuka, mara ya kwanza kuisikia hivyo. "Wewe ulifunga mara kumi na moja ukiwa umeshiba maji. Leo ndiyo umekuwa mwalimu wangu?"

Ana haki ya kunisema, na alichotaka si haki. Nimekaa nayo yote mawili mpaka sasa na hayapatani.

Nikamwambia meneja, "Nitafunga. Sasa hivi ukitaka. Ila sababu andika wewe, kwa mkono wako, uweke saini. Andika: Mtaa wa Juu umefungwa kwa ajili ya ibada ya upande fulani." Nikamfungulia daftari la ofisi, nikamwekea kalamu juu ya ukurasa.

Aliitazama ile kalamu kama nimemwekea nge.

"Si ungeandika tu, mzee..."

"Mimi nimekwisha kuandika sana."

Hakuandika. Nikamsogezea karani. Naye hakuandika. Nikafunga daftari nikaenda zangu.

Tarehe 10

Maji yamekwenda juu kama ratiba inavyosema. Mtaa wa Juu hawakunishukuru, kwao bado ni msaliti. Jiwe lililopita karibu na kichwa changu lilitoka chini. Karani hakuniamkia, nami sikumwamkia.

Tarehe 13

Meneja kaniita tena. Daftari, kalamu, ukurasa mtupu. Nikatoka.

Tarehe 14

Siku yetu. Kiongozi alinifuata baada ya ibada, sauti imelainika. Anasikia meneja wa sasa ananisumbua. Je, haingekuwa vizuri nikirudi kundini, tukasaidiana kama zamani? Ukumbi bado haujapigwa lipu.

Nikamwambia alete barua, aandike sababu, aweke saini. Akaniambia nina kiburi cha mtu asiye na dini. Nimesali miaka hamsini nyuma ya huyu na wenzake. Usiku nilisali pia, tena kwa hasira, nikimlalamikia Mungu juu ya watu wanaojifanya wamemwajiri.

Tarehe 15

Mke wangu amezungumza. Amesema, "Ile siku, mtoto wetu angekuwa ndiye yuko kitandani, ningekupiga kwa kuchelewa." Halafu akaendelea kuosha vyombo. Nikachukua kitambaa nikafuta sahani.

Tarehe 17

Juu, kama ratiba. Mawingu.

Tarehe 19

Nimesikia jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipoambiwa na mlinzi wa geti, ambaye hana akili ya kutunga. Kiongozi wetu na kiongozi wao wamekutana ofisini kwa meneja. Miaka yote hii hawajawahi kukaa chumba kimoja. Walikaa saa mbili, wakacheka, wakatoka wameshikana mikono.

Tarehe 21

Mvua imeanza saa nne asubuhi, kubwa, mitaa yote miwili kwa pamoja. Nilikuwa chini nimesimama juu ya kifuniko cha vali, zamu yao ya mwisho kwa wiki hii, na watu walitoka na kila chombo walichonacho. Yule mwanamke wa ndoo mbili alipita, akaniangalia, akaniambia nitoke kwenye mvua nitaumwa.

Saa nane karani akaniletea bahasha mwenyewe. Angeweza kumtuma mtu. Alisimama mlangoni pa stoo hali amelowa.

"Walitaka na mimi niweke saini kama shahidi," akasema. "Sikuweka."  Akaondoka.

Barua ni ya uhamisho. Kuanzia wiki ijayo nahesabu mita chakavu ghala la makao makuu, na ufunguo nimkabidhi meneja. Nyuma imebanwa karatasi ya pili, ombi la wananchi, yenye saini mbili kando kwa kando, ya kiongozi wetu na ya kiongozi wao. Mistari ni michache. Wanaomba fundi wa vali aondolewe kwa kuwa "anakataa kutambua nafasi ya dini katika huduma za umma".

Nimeisoma mara tatu, mvua inapiga bati. Mwishowe wameandika sababu, na wameweka saini.